Kifaa kimeshawashwa: sauti peke yake, au sauti pamoja na alama?

Swali hili, la kumlea kwa sauti peke yake au pamoja na alama za mikono, huwapata wazazi wa mtoto kiziwi aliyepandikizwa kifaa cha kusikia (cochlear implant) wakiwa bado na uchovu wa upasuaji. Kidonda nyuma ya sikio kimepona, mtaalamu wa usikivu amekiwasha kifaa kwa kompyuta yake, mtoto ameshtuka, au amelia, au hakufanya chochote kabisa. Mnapofunga mabegi kurudi Moshi au Arusha, mtu anawasindikiza na maneno: "Sasa mzungumzisheni sana. Msimzoeshe alama, atabweteka." Mkifika nyumbani, mwalimu wa viziwi mnayesali naye anawaambia kinyume: "Huyu ni kiziwi hata kifaa kikiwa kichwani. Mpeni alama mapema." Wote wawili wanamtakia mtoto mema, na kila mmoja ana hoja.

Hapa naziweka njia hizo mbili pamoja na kuzipima kwa maisha ya huku kwetu, maana maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa kwa ajili ya familia zenye mtaalamu mtaa wa pili, umeme usiokatika na mzazi anayeshinda nyumbani. Msimamo wangu niutoe mapema: kabla ya kuuliza njia ipi ni bora, uliza nani anashinda na mtoto kuanzia uji wa asubuhi hadi kulala, na mtu huyo anaweza kuongea naye lugha gani bila kubabaika. Jibu la swali hilo ndilo lichague.

Kifaa kinampa nini mtoto

Sikio la ndani la mtu anayesikia lina seli za kusikia zipatazo 15,000. Kifaa cha kupandikizwa kinapeleka umeme kwenye mshipa wa kusikia kupitia elektrodi, yaani ncha ndogo za kupitishia umeme, 12 hadi 22, kutegemea kampuni iliyokitengeneza. Kwa hiyo mtoto hapati sauti kama yako. Anapata sauti iliyopunguzwa, ambayo ubongo wake lazima ujifunze kuisoma. Isitoshe, siku ya kuwashwa kifaa huanza kwa nguvu ndogo, kisha hupandishwa kila anaporudi kliniki. Wiki za kwanza anaweza kuonekana hasikii kitu.

Ndiyo maana wataalamu huhesabu umri wa kusikia kuanzia siku ya kuwashwa. Bibi mmoja wa Kibosho alimwita mjukuu wake wa miaka 2 kutoka mlangoni, akamwita tena, kisha akamgeukia mkwewe: "Mama, si mlisema anasikia? Mbona haniitikii?" Akajibiwa: "Mama, masikio yake yana miezi mitatu tu. Mchukulie kama kichanga." Bibi akaelewa papo hapo, akasogea karibu na kuanza kumwimbia. Maelezo hayo yanafaa kwa kila ndugu atakayekuja kumtazama.

Njia zenyewe

Njia ya sauti peke yake inasema kwamba mtoto akipata kifaa mapema, ubongo wake bado unaweza kujifunza kusikia, ila lazima kila kitu kipitie sikioni kwanza. Unauliza "mpira uko wapi?" kabla hujaunyanyua mpira. Unakaa karibu, upande wenye kifaa, redio imezimwa. Unauliza, halafu unanyamaza umsubiri, hata kama kimya kinakukera. Alama zinawekwa kando kwa hofu kwamba macho yake ni mepesi kuliko masikio yanayoanza, na mtoto kama binadamu mwingine atafuata urahisi.

Njia ya sauti na alama inaanza na lugha. Mtoto wa miaka 2 ambaye hajawahi kusikia hana neno "maji" kichwani kwa namna yoyote. Mpe alama ya maji leo, aombe maji leo, na sauti itakapoanza kueleweka itakuta maana imeshakaa.

Lakini chini ya jina hilo moja kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna Lugha ya Alama ya Tanzania, lugha kamili yenye sarufi yake, ambayo viziwi wenyewe wanaitumia. Halafu kuna alama chache za kusindikiza Kiswahili: maji, kula, lala, bado, imeisha, huku mdomo ukiendelea kuongea. Wazazi wengi wanaposema "sisi tunatumia alama" wanamaanisha hizi chache. Zinatosha kuvuka asubuhi moja bila kilio. Hazitoshi kumweleza mtoto kwa nini babu hakuja Krismasi. Anayechagua njia hii ajiulize anamaanisha ipi, kwa sababu ya kwanza inahitaji mwalimu na miaka, na ya pili peke yake haimpi mtoto lugha.

Saa za mchana

Chukua siku ya kawaida ya Pasua, Moshi, au Sakina, Arusha. Baba ametoka alfajiri, mama yuko dukani au ofisini, mtoto yuko na dada wa kazi. Dada ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayemlaza mchana. Kwa hesabu ya saa, mwalimu mkuu ni yeye, na hakuna aliyemwalika kliniki.

Njia ya sauti inamtaka dada awe msemaji. Aeleze kila anachofanya: "Tunamenya ndizi. Ndizi hii imeiva, ile bado. Shika. Weka kwenye sufuria, pu!" Dada mchangamfu anayejiongelesha akiwa jikoni anaifanya kazi hii vizuri kuliko mama aliyesoma sana anayerudi saa moja usiku akiwa hoi. Dada mkimya, au anayewasha televisheni asubuhi ikazimwa usiku, atampitisha mtoto siku nzima bila kuambiwa neno, na hakuna atakayegundua, kwa sababu mtoto amevaa kifaa na ametulia.

Njia ya alama inamtaka dada huyo huyo ajifunze kitu kipya kabisa. Wapo wanaokipenda na kukishika haraka kuliko wenye nyumba. Tatizo linakuja Desemba: dada anaaga kwenda kwao na Januari harudi. Anayekuja hajui alama hata moja. Kiswahili anacho. Sijaona hoja hii kwenye kijitabu chochote cha ushauri, lakini kwa nyumba nyingi za huku ina uzito kuliko nadharia: sauti inabaki nyumbani hata msaidizi akibadilika, alama zinaondoka naye kama hakuna mwingine ndani anayezijua.

Nimewahi kusikia wazo la kumwajiri dada kiziwi. Si wazo baya hata kidogo. Mtoto atapata lugha ya alama iliyonyooka kutoka kwa mtu anayeiishi. Ila hapo sauti inahitaji mtu wake wa uhakika jioni na wikendi, vinginevyo kifaa kitakuwa pambo.

Iwe njia ipi, kuna kipimo cha asubuhi ambacho nyumba yote inapaswa kukijua: sauti 6 za Ling, zilizopewa jina la Daniel Ling aliyezipanga. Ni "mmm", "uuu", "aaa", "iii", "shhh" na "sss", zinazopita sauti nene hadi nyembamba za usemi. Zote zimo kwenye Kiswahili, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri. Mtoto anakaa ameshika kikombe cha plastiki shavuni, wewe uko ubavuni nyuma kidogo ili asikuone mdomo, beseni liko mbele yake. "Aaa." Kikombe kinadondoka kwenye beseni, anacheka, unampa kingine. "Uuu." Kinadondoka. "Sss." Ameshikilia. Unarudia, bado ameshikilia, macho yamekwenda kwa paka. Jana "sss" aliisikia. Usimgombeze, na usidhani amechoka. Kagua kifaa kwanza. Mara nyingi ni vumbi au jasho kwenye maikrofoni, na sauti nyembamba ndizo huanza kupotea. Safisha, badilisha kichujio kama kifaa chenu kinacho, usiku kilaze kwenye kopo la kukaushia lenye chembe za kufyonza unyevu, asubuhi pima tena. Mtoto wa umri huo hawezi kukwambia "leo siwasikii vizuri". Kwa vumbi la kiangazi na unyevu wa masika, nyumba isiyopima inaweza kupitisha wiki mbili ikimlaumu mtoto.

Kifaa kikiwa hakipo kichwani

Hapa njia ya alama inashinda, na upande wa pili sijausikia ukijibu kwa kuridhisha. Mtoto analala bila kifaa. Mara nyingi anaoga bila kifaa. Anaamka usiku na homa, giza limetanda, hakusikii, na hata ukimwashia taa mnatazamana tu. Umeme umekatika tangu jana na betri za kuchaji zimekwisha. Kebo inayokwenda kwenye koili, ile sumaku ya kichwani, imekatika kwa kuvutwa vutwa, na kebo kwa mtoto mdogo ni kitu cha kukatika. Kuna familia Arusha ilisubiri kebo kutoka nje kwa wiki kadhaa. Mtoto aliyekuwa ameanza kusema "njoo" akarudi kwenye kuvuta watu nguo na kujigaragaza. Siku hizo, hata alama chache za kusindikiza zinaokoa nyumba.

Kwa hiyo mzazi anayechagua sauti peke yake anunue kebo ya akiba mapema, awe na betri za kutupwa za dharura kama kifaa chake kinazikubali, na, kwa maoni yangu, awe na alama za kuogea na za usiku bila kuona haya. Mtaalamu mkali akiuliza, mwambie hizo ni za saa ambazo kifaa kimelala.

Utafiti unasema nini, na ulifanyika kwenye nyumba zipi

Watetezi wa sauti hupenda kutaja utafiti wa Ann Geers na wenzake uliochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la Pediatrics la Marekani. Ulifuatilia watoto wenye vifaa hivi hadi shule ya msingi. Ambao hawakuongeleshwa kwa alama, zaidi ya asilimia 70 walifikia kiwango cha usemi cha umri wao. Waliotumia alama kwa miaka 3 au zaidi, asilimia 39. Ukiishia hapo, mjadala umekwisha.

Usiishie hapo. Watoto hawakugawanywa kwa kura. Familia ambayo mtoto wake anasema vizuri huziacha alama zenyewe. Ambayo mtoto wake anahangaika huzishikilia. Kwa hiyo alama zinaweza kuwa matokeo ya ugumu, zisiwe chanzo chake. Tena zilitolewa na wazazi wanaosikia ambao nao walikuwa wanajifunza.

Weka kando yake utafiti wa mwaka 2014 wa Kathryn Davidson na wenzake. Waliangalia watoto 5 wenye vifaa ambao wazazi wao ni viziwi na walikuwa wakiwaongelesha kwa alama tangu kuzaliwa. Kiingereza chao cha mdomo kilikuwa sawa na cha watoto wanaosikia waliolelewa na wazazi viziwi. Watoto 5 ni wachache mno kujenga sera, lakini wanatosha kuonyesha kwamba alama zenyewe haziui ulimi. Kilichotofautisha nyumba hizi na zile za kwanza ni mikono iliyokuwa ikiongea: kwa hawa, mikono ya watu ambao hiyo ndiyo lugha yao.

Kuna jambo la tatu ambalo pande zote hukubaliana, nalo ni umri. Kazi za Anu Sharma na wenzake zilionyesha kwamba watoto waliopata kifaa kabla ya miaka 3 na nusu, ubongo wao kwa kawaida huja kuitikia sauti kama wa watoto wengine, na waliopata baada ya miaka 7 wengi hawafiki hapo. Katikati inategemea mtoto. Kwa hiyo ushauri uliomfaa mtoto wa jirani aliyewashiwa akiwa na mwaka mmoja na nusu unaweza usimfae wako wa miaka 5.

Kiswahili sikioni

Sehemu hii inanifurahisha kuliko zote, na haizungumzwi inavyostahili.

Kiswahili kinampokea vizuri mtoto anayeanza kusikia. Irabu ni tano tu, zinatamkwa wazi, na silabi karibu zote zinaishia kwa irabu. Tuna pia hazina ya sauti za kuigiza ambazo kila bibi anazijua: kuku ko ko ko, paka nyau, mbuzi mee, gari piii, mlango ngo ngo ngo, jiwe majini chubwi. Zinatofautiana kwa urefu, kwa unene na kwa mapigo, na hivyo ndivyo sikio jipya linavyojifunza: kwanza lijue sauti ipo, kisha litofautishe ndefu na fupi, kisha litambue ipi ni ya nani. Mtoto anayemgeukia kuku halisi uani baada ya wewe kusema "ko ko ko" bila kunyoosha kidole ameanza kuelewa kwa sikio.

Ugumu unakuja baadaye. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sarufi yetu nyingi imejificha mwanzoni mwa neno, kwenye visilabi visivyo na mkazo. "Anakupiga", "unampiga", "wanakupiga": nani kampiga nani kunaamuliwa na vipande ambavyo kwenye kelele kifaa huvimeza. Mtoto yeyote wa Kiswahili huanza kwa kusema "taki" akimaanisha "sitaki". Mwenye kifaa anaweza kubaki na "taki" muda mrefu zaidi, na watu wakadhani hajui, kumbe hajasikia. Dawa yake kwenye njia ya sauti ni kuuvuta mwanzo bila kupiga kelele: "Sssitaki. Sssili." Na kumpa michezo ambayo mwanzo wa neno unabadili jambo: "nakimbia!", "unakimbia!", "tunakimbia!"

Kwenye njia ya alama za kusindikiza, vipande hivi hupata tabu zaidi. Mikono inaonyesha mtoto, kupiga, wewe. Kile kisilabi cha mwanzo kinabaki mdomoni peke yake, na mtoto anayetazama mikono hakioni. Lugha ya Alama ya Tanzania inaieleza maana hiyo kikamilifu, ila kwa mpangilio wake yenyewe, ambao huwezi kuuongea sambamba na Kiswahili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo aliyechagua vyote viwili atenge nyakati: saa hii sauti, saa hii alama kamili. Kuvichanganya kila dakika kunaharibu vyote.

Na Kichagga? Au Kimeru, au Kimaasai? Wazazi wengi wameambiwa "lugha moja tu, mtamchanganya", na bibi ananyamazishwa kwenye nyumba yake mwenyewe. Siafiki. Bibi wa Marangu ambaye Kiswahili chake kinaishia sokoni, mwache asimulie na aimbe kwa Kichagga chake kilichojaa. Watoto wenye vifaa wanaweza kubeba lugha mbili za mdomo zikitoka kwa watu wanaozimudu. Ninachokipinga ni kumkimbiza mtoto wa miaka 3 kwenye chekechea ya Kiingereza wakati hakuna anayeongea Kiingereza nyumbani, na Kiswahili chenyewe bado ni "taki".

Safari, wataalamu na hela

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza vifaa hivi mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wa Tanzania walipelekwa nje, hasa India. Ni nafuu kubwa, lakini kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kwa basi, na mwaka wa kwanza kifaa kinahitaji kurekebishwa mara kwa mara. Gharama hii ni ya njia zote mbili. Anayedhani alama ni njia ya bei rahisi akumbuke kwamba kebo, betri na nauli haviondoki kwa sababu umejifunza alama.

Tofauti iko kwa anayekufundisha. Sauti inahitaji mtaalamu wa tiba ya usemi wa kukuongoza wewe mzazi, na hao nchini ni wachache. Kinachosaidia ni kujirekodi ukicheza na mtoto kwa dakika chache, umtumie mtaalamu kwa WhatsApp, akwambie ulipomkatiza mtoto na ulipoongea haraka. Alama zinahitaji kiziwi anayezijua vizuri, na huyu yuko karibu kuliko mnavyodhani. Ulizeni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Shule ya Viziwi Mwanga iko mkoani Kilimanjaro, njia ile ile ya basi la Dar. Mtu akikubali kuja kuwafundisha nyumbani, mlipeni kama mnavyomlipa mwalimu wa tuisheni. Kumwomba kiziwi afundishe bure kwa sababu "anamsaidia mtoto mwenzake" si haki.

Shule nitaisema kwa ufupi kwa kuwa ni ya baadaye. Darasa la kawaida lenye watoto wengi chini ya bati, mvua ikinyesha, halimfai mtoto wa sauti wala wa alama. Wa sauti hasikii, wa alama hana mkalimani. Kama mnaona mbele kwamba mtoto ataishia shule ya viziwi, na hilo si aibu, basi alama zianze sasa. Asikutane na lugha yake ya kwanza bwenini akiwa na miaka 7.

Nyumba ipi, njia ipi

Mtoto amewashiwa kabla ya miaka 3, mshipa wa kusikia ni mzima, nyumbani wote wanasikia na kuna angalau mtu mmoja msemaji anayeshinda naye: ningeweka uzito wote kwenye sauti, na alama chache za kifaa kikivuliwa. Ningejipa mwaka mmoja wa kuvaa kifaa kutwa. Baada ya mwaka huo awe anageuka akiitwa, anaelewa maneno ya kila siku bila kuonyeshwa, na ana maneno yake machache. Kama hayupo hapo, ningeongeza alama kamili bila kusubiri mwaka wa pili.

Amewashiwa akiwa na miaka 4 au 5, au aliugua homa ya uti wa mgongo na daktari akasema koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani zinapopita elektrodi, imeanza kuwa mfupa na elektrodi hazikuingia zote, au mshipa wenyewe umeonekana mwembamba: alama kamili kuanzia leo, pamoja na mwalimu kiziwi, na sauti ifuate kwa kadiri kifaa kitakavyoweza. Hapa kusisitiza sauti peke yake ni kucheza kamari na miaka ya mtoto.

Kuna kiziwi ndani ya ukoo, shangazi au mjomba: mnayo mali ambayo nyumba nyingine zinaitafuta. Mtoto ashinde naye. Bibi aendelee kuimba.

Na kwa ambao bado mko kwenye foleni ya upasuaji, alama zianze wakati mnasubiri. Foleni inaweza kuwa ndefu, na mtoto hapaswi kuipitisha bila lugha yoyote. Hakikisheni pia chanjo ya nimonia imekamilika, maana wenye vifaa hivi wako kwenye hatari zaidi ya homa ya uti wa mgongo.

Kabla hamjabadilisha njia yoyote, mkirudi kliniki muombeni mtaalamu jambo moja. Vifaa vingi vya sasa vinarekodi vimevaliwa saa ngapi kwa siku, na takwimu hiyo inaonekana kwenye kompyuta yake. Mtoto wa miaka 2 yuko macho saa 11 au 12. Kompyuta ikionyesha saa 4, msibishane kuhusu sauti na alama. Tafuteni kifaa kinavuliwa saa ngapi na nani. Pengine sumaku haishiki vizuri kwa kuwa nywele zimekua, pengine dada anaogopa kitapotea akiwa uani, pengine chekechea wanakivua ili kisiibiwe. Kitambaa chepesi cha kichwa na kamba ya kukibana kwenye ukosi wa nguo vinapatikana soko la Mbuyuni, Moshi, au la Kilombero, Arusha, au fundi cherehani anavishona siku hiyo hiyo.